Siku Nilipomwanika Eliya

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa boksi la kalamu nyekundu kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo. Aliyenikabidhi alikuwa Mkuu wa Idara, mzee mrefu wa Kihaya ambaye hakuvua tai hata mwezi wa pili, joto linapokuwa la kumfanya mtu atamani kukaa ndani ya ndoo. Chuo kilikuwa Kinondoni. Kilifundisha ukatibu na uandishi wa habari, na mie nilikuwa nimeajiriwa kama mkufunzi msaidizi wa somo lililoitwa Stadi za Uandishi.

"Mwalimu Mwajuma," aliniambia, "wewe ni mtoto wa hapahapa mjini?"

"Ndiyo, mzee. Mwananyamala."

"Basi Kiswahili unacho. Kazi yako ni kuwapa wasionacho."

Nilitoka ofisini kwake nimevimba kichwa. Babu zangu waliongea Kiswahili kabla barabara za mji huu hazijapewa majina, na sasa mtu msomi wa kutoka bara alikuwa amenithibitishia kwamba lugha ni mali yetu. Sentensi yake ile niliibeba kwa miaka mingi sana, na baadaye nitaeleza ilivyonigharimu.

Vijana mnaofundisha siku hizi mmezoea kompyuta na projekta, kwa hiyo niwaeleze tulivyokuwa tukifanya. Swali la mtihani tulilichapa kwenye stensili, karatasi laini yenye nta, tukaipeleka kwenye mashine ya durufu ambayo ilizungushwa kwa mkono na kutoa nakala moja moja. Wino wake ulinichafua mpaka kucha, na mama yangu alikuwa akinikataza kugusa sahani kabla sijajisugua kwa limau. Tulifundisha barua za kikazi, ripoti, kumbukumbu za vikao na makala. Mwanafunzi aliandika mara moja tu. Habari za rasimu, yaani kazi ya kwanza ambayo bado itarekebishwa, tulizisoma vitabuni, darasani hatukuwa nazo. Kazi ikija, unaisahihisha kwa kufuata mwongozo, na makosa unayaandika kwenye pambizo, ile nafasi ya pembeni ya karatasi. Mie pambizo hazikunitosha. Nilijaza mpaka nyuma.

Na nilikuwa hodari, sitajifanya mnyenyekevu uzeeni. Wanafunzi wangu waliajiriwa wizarani na magazetini, na wakubwa wao walipiga simu chuoni kuuliza nani kawafundisha kuandika kumbukumbu za kikao zilizonyooka vile. Nilikuwa na usemi wangu ambao darasa zima liliweza kuuimba: neno lisilo na kazi lifukuzwe. Ukiandika "vizuri sana kabisa", mawili kati ya hayo yanakula bure, yaondoke.

Kitu kingine nilichorithi kwa Mkuu wa Idara kilikuwa kuanika kazi. Kila Ijumaa tulichagua kazi moja iliyotutia shaka au iliyotuudhi, tukamwita mwenyewe mbele aisome kwa sauti. Kama ni mbovu, aibu itamfundisha. Kama kaandikiwa na mtu mwingine, atababaika tu. "Mtu hababaiki kwenye maneno yake mwenyewe," mzee yule alisema, na mie nikaamini kama ninavyoamini kwamba jua linatokea upande wa baharini. Kwa njia hiyo nilikamata wanafunzi wawili pale Kinondoni. Wote wawili waliondolewa chuoni. Naomba muwakumbuke hao wawili.

Baada ya hapo nilihamishiwa Temeke, kwenye chuo kingine cha namna ileile, nikiwa mkufunzi kamili. Bosi wangu kule alikuwa Mkuu wa Taaluma, mama mfupi mwenye sauti ndogo, ambaye kila alichoambiwa alikiandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ukimpelekea maneno mengi alikusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lete karatasi." Kwake jambo lisilokuwa kwenye karatasi lilikuwa bado halijatokea. Tulipatana mara moja. Zama za durufu zilikuwa zimekwisha, na wanafunzi wengi waliandika kazi zao kwa mkono, wakazipeleka kuchapwa kwenye steshenari iliyotazamana na geti la chuo, kwa dada mmoja aitwaye Zuhura.

Ndipo nilipokutana na Eliya.

Alikuwa kijana wa stashahada mwaka wa kwanza. Kwao ni Gongo la Mboto, ingawa wazazi walitoka Kigoma. Alikaa mbele kabisa, karibu na dirisha, na hakuandika chochote nilipokuwa nikifundisha. Aliinamisha kichwa kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio iliyo nyumba ya jirani. Nilimweka kwenye kundi la wavivu ndani ya wiki ya kwanza. Alipofanya jaribio la darasani, karatasi yake haikusomeka. Mistari ilipandana, maneno mengine yalitoka nje ya ukurasa na kumalizikia kwenye dawati. Nilimpa sifuri na nikaandika kwa wino mwekundu: "Huna adabu na karatasi."

Wiki mbili baadaye akaleta kazi ya nyumbani iliyochapwa, makala kuhusu mtaa wao. Nilianza kuisoma nimesimama, nikajikuta nimekaa. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua anakokwenda. Hakukuwa na neno la kufukuza. Nilishika kalamu nyekundu muda mrefu nisijue pa kuiweka, na badala ya kufurahi nilikasirika. Mtoto wa kutoka bara, asiyeweza kuandika mstari ulionyooka, apate wapi Kiswahili hiki? Nilijiuliza hivyo hasa, kwa maneno hayohayo, na leo nikiyakumbuka naona haya.

Ijumaa nikamwita mbele.

"Soma," nikamwambia. "Tunakusikiliza."

Alipokea karatasi. Akaisogeza karibu na uso, akaishusha. Darasa likaanza kuchekacheka.

"Madam, kazi ni yangu," akasema.

"Sijauliza ni ya nani. Nimesema soma."

"Madam, leo siwezi kusoma."

"Leo? Kwani una siku zako maalumu za kusoma?"

Wakaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Madam, huyo kaandikiwa na sista wa steshenari! Kila siku yupo pale, ishu yenyewe inajulikana!" Eliya alisimama tu, karatasi mkononi, anatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Niliacha kimya kiendelee kwa makusudi, kwa sababu kimya kilikuwa sehemu ya kuanika. Kisha nikamwambia akae.

Alasiri hiyohiyo niliandika ripoti kwa Kamati ya Nidhamu. Nilitaja kosa kwa jina lake rasmi, udanganyifu wa kitaaluma, maana yake kuwasilisha kazi ya mtu mwingine kama yako. Nilieleza tofauti kati ya jaribio na makala, nikaeleza kimya chake mbele ya darasa, nikataja mashahidi. Nikahitimisha: "Kwa hiyo ni dhahiri kwamba mwanafunzi huyu amedanganya kwa makusudi." Adhabu ilikuwa kufukuzwa, na aliyefukuzwa kwa udanganyifu hakupokelewa na chuo kingine. Mkuu wa Taaluma aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema ni ripoti safi kuliko zote alizowahi kupelekewa na kwamba ataifanya mfano kwa wakufunzi wengine. Kikao kikapangwa Jumatatu.

Kilichobaki ni maelezo ya Zuhura. Jumamosi asubuhi, baada ya kipindi cha wanafunzi wa kazini, nikavuka barabara kwenda steshenari. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa kuzuia jua. Kabla sijapiga hodi nikasikia sauti ya Eliya.

"Kila asubuhi mtaa wetu huamshwa na tarumbeta ya kambini, koma, lakini wanaoamka ni wachache, nukta. Aya mpya." Vidole vya Zuhura vilikuwa vinakimbia kwenye kibodi. "Hapana, sista, samahani. Rudi nyuma kidogo. Futa 'lakini wanaoamka ni wachache'. Weka 'lakini wanaoitii ni wanajeshi na mama ntilie tu', nukta."

"Hiyo ndo nzuri," Zuhura akasema, akicheka.

"Bado. Toa 'tu'. Haina kazi."

Nilisimama pale nje nimeshika pazia. Nilikuwa nimefundisha kuhariri, yaani kurudi kwenye kazi yako na kuitengeneza, kwa miaka yote hiyo, na nilikuwa sijawahi kuona mwanafunzi akifanya hivyo. Huyu alikuwa akihariri makala nyingine mpya kwa mdomo, macho yamefumbwa, sentensi moja mara tatu. Na kila alipofukuza neno, alilifukuza kwa maneno yangu mwenyewe.

Nikaingia. Zuhura alisimama haraka.

"Shikamoo, madam. Mie naandika anachosema tu, wallahi. Nikiongeza hata neno moja, akisomewa anajua."

"Marahaba. Akisomewa? Kwani hasomi mwenyewe?"

Zuhura akamtazama Eliya. Eliya akasema, "Macho, madam. Mtu namwona, njia naiona. Herufi sizioni tena. Zamani nilikuwa naziona nikikaa dirishani, mwaka huu zimekataa."

"Sasa mbona hukusema? Nimekusimamisha mbele ya watu wote, Eliya! Mbona hukusema?"

"Sekondari nilisema, madam. Nikaambiwa niende shule ya watu wa namna yangu, mkoa mwingine kabisa, nikakaa nyumbani miaka miwili mpaka mama alipowabembeleza wanirudishe." Hakusema kwa hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Nikisema macho, naondolewa. Nikiitwa mwizi, labda mtanisamehe nibaki."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki cha wateja. Zuhura akaniletea maji bila kuombwa. Nililia mbele yao, na sikumbuki kama nilishawahi kulia mbele ya mwanafunzi kabla ya hapo.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mkuu wa Taaluma, ambaye alikaa mitaa ya nyuma ya chuo. Nikamkuta anachambua mchicha, nikamweleza yote. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ripoti yako wajumbe wanayo tangu jana," akasema. "Ukisimama Jumatatu ukaikana, watakuuliza na zile za Kinondoni. Walioondolewa kule uliwaona wakiiba, au uliwaona wakinyamaza?"

Mmoja wao alikuwa na kigugumizi, hilo nililijua hata wakati ule, na nilimwita mbele hivyohivyo. Niliporudi Kinondoni kuwatafuta, nikakuta hakuna aliyejua walikokwenda.

"Waniulize," nikasema.

"Na huyo kijana, unathibitishaje? Mimi nakuamini. Kamati inataka kitu mezani."

"Karatasi italetwa, mama. Itaandikwa palepale."

Jumatatu tulikaa chumba cha mikutano, feni inazunguka bila faida. Eliya alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Mkuu wa Taaluma, aliyekuwa mwenyekiti, akanipa nafasi nisome ripoti yangu. Nikasema sitaisoma. Nikasema, "Ripoti hii nimeiandika mimi na si kweli. Kijana haoni herufi. Nilichokiita udanganyifu ni macho, na mwenye kosa katika chumba hiki ni mimi." Mjumbe mmoja akaguna. Mwingine akasema chuo hakiwezi kuendeshwa kwa huruma za walimu.

"Sijaomba huruma," nikajibu, na sauti yangu ya darasani ikanirudia. "Mpeni mada yoyote mnayotaka. Katibu achape."

Wakanong'onezana. Mwenyekiti akamwambia Eliya aeleze njia anayopita kwa miguu kutoka barabarani mpaka kwao. Nadhani alichagua mada hiyo ili kumwepusha na chochote ambacho angeweza kuwa amekikariri. Katibu akafungua kompyuta.

Eliya akafumba macho. Mikono akaiweka chini ya meza.

"Kutoka barabarani mpaka nyumbani sihitaji kuuliza mtu, nukta," akaanza. "Kwanza nasikia mashine ya kusaga, koma, kisha nyundo za wachomelea vyuma, koma, na zote mbili zikiwa nyuma yangu najua nimefika kwenye mtaro, nukta. Mtaro hauna daraja, nukta. Una mbao mbili, koma, na moja kati ya hizo imelegea sana tangu mvua za mwaka jana, nukta. Aya mpya."

Hakuna aliyeguna tena. Alituvusha mtaro, akatupitisha madrasa ambapo watoto wanasoma kwa sauti moja isipokuwa mmoja anayechelewa, akatufikisha mlangoni kwao ambapo mama yake anakohoa kabla ya kuitikia hodi. Alipomaliza, akageuza kichwa upande wa katibu.

"Samahani, mzee. Rudi kwenye aya ya kwanza, sentensi ya mbao. Futa 'sana'." Akatabasamu kidogo, mara ya kwanza kumwona akitabasamu. "Madam Mwajuma hatalipitisha."

Mkuu wa Taaluma aliandika kitu kwenye daftari lake. Akasema shauri limefungwa. Mtu alipoanza kusimama, akamwambia akae, kwa kuwa hajamaliza. "Mwalimu Mwajuma, na wewe una kazi ya kuandika. Nataka mwongozo mpya wa somo lako. Na wenyewe usiwe na maneno yasiyo na kazi."

Niliuandika kwa muhula mzima, na huo ndio ninaojivunia kuliko cheti chochote kilichoko ukutani kwangu. Wiki ya kwanza ya masomo, kabla sijafundisha lolote, kila mwanafunzi aliniandikia faraghani jinsi anavyoandika: kwa mkono gani, kwa lugha gani anawaza, nini kinampa shida. Asiyeweza kuandika alinieleza kwa mdomo. Hapo ndipo nilipojua kwamba binti aliyekaa nyuma kabisa hasikii kwa sikio moja, na kwamba mama mmoja wa Mbagala, aliyerudi shule watoto wake wakiwa wakubwa, aliogopa kushika kalamu mbele ya vijana wa umri wa wanawe. Mitihani tulianza kuichapa kwa herufi kubwa kwa wanaohitaji, na aliyetaka kusema kazi yake badala ya kuiandika alipewa mwandishi. Rasimu zikaanza kuhesabika kwenye alama. Ulileta ya kwanza na uchafu wake, tukakaa nayo wawili wawili, msomaji akasema alipopotea, mwandishi akarekebisha. Kuhusu kuanika, nilikufuta kabisa. Aliyetaka kusoma kazi yake kwa wenzake alisoma, na cha ajabu ni kwamba walianza kugombania nafasi.

Wapo wenzangu walionicheka. Walisema Mwajuma kalainika, kawa mama wa chekechea. Niliwaachia maneno yao nikawaonyesha kazi za wanafunzi. Wale wa kutoka bara, ambao awali niliwasahihisha mpaka wakaacha kuandika, walianza kuleta makala za kwao, za migodini na mashambani, na Kiswahili chao kikawa na vitu ambavyo changu cha Mwananyamala hakikuwa navyo. Ndipo nilipoitema ile sentensi ya Mkuu wangu wa Idara wa kwanza. Nilirudishwa Kinondoni nikiwa Mkuu wa Idara mwenyewe, nikakaa kwenye kiti chake kilekile, na wakufunzi wapya nikawapokea kwa penseli.

Eliya alimaliza, akaendelea na masomo ya juu, akarudi Temeke kufundisha somo langu. Nilistaafu nikiwa bado nahitaji kazi, kama wanavyostaafu wengi. Sasa nakaa Mbweni kwa binti yangu, nalima bamia, na wajukuu wakiniletea insha walizoandikiwa na simu nawauliza tu rasimu iko wapi. Hawanipendi kwa hilo.

Mwezi uliopita Eliya alinipigia. Ana wakufunzi wapya, anataka niwazungumzie. Nikamuuliza niwaambie nini, akasema, "Madam, njoo na ile ripoti."

Ninayo mpaka leo. Imekaa kwenye bahasha pamoja na hati ya nyumba. Nilikwenda nayo Temeke, nikasimama mbele ya vijana wenye nguo nadhifu na kompyuta mapajani. Niliwaambia wanachokwenda kusikia ni ripoti safi kuliko zote nilizowahi kuandika, hakuna aya iliyopinda, hakuna neno lisilo na kazi, na ndani yake hakuna ukweli. Nikaanza kusoma. Nilipita jina la kosa, nikapita mashahidi. Nilipofika "Kwa hiyo ni dhahiri" sauti ikanikatikia. Mie niliyewasimamisha watu wengi mbele ya darasa nikatamani kukaa.

Eliya alikuwa mstari wa mbele, karibu na dirisha, kichwa kimeinama upande.

"Soma, madam," akasema taratibu. "Tunakusikiliza."

Nikasoma mpaka mwisho.